Taka za nyumbani si bure: nilichojifunza kwa mikufu 20 iliyorudishwa

Masika ya mwaka jana yalipokuwa yamepamba moto, nilirudishiwa mfuko nyumbani kwangu Likoni. Ndani mlikuwa na mikufu 20 ya shanga za karatasi. Nilikuwa nimepeleka 24 kwenye duka la zawadi katika hoteli moja ya ufuoni. Minne ilinunuliwa, hiyo mingine ikarudi. Mwenye duka hakunigombeza. Alinishikisha ushanga mmoja tu, akaniambia, "Mama, hebu bonyeza." Nikabonyeza. Ushanga ulikuwa umefura na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, na karatasi imeanza kufumuka.

Ndugu msomaji, mikufu ile niliitengeneza kwa mkopo. Nilichukua shilingi 4,000 kwenye chama chetu cha wanawake wa mtaani, na nilitakiwa kuzirudisha mwisho wa mwezi. Nilizirudisha, lakini ilinibidi niuze kuku wangu watatu na kumega pesa nilizotenga kwa viatu vya skuli vya binti yangu. Alivaa viatu vilivyotoboka muhula mzima na hakusema neno. Afadhali angesema.

Naandika haya kwa sababu mafunzo ya kutengeneza vitu kwa taka za nyumbani yamejaa kwenye simu zetu siku hizi, na karibu yote yanasema kazi hii haina gharama. Sikatai kuwa ni kazi nzuri, mimi mwenyewe naendelea nayo. Lakini kuna mambo mawili ambayo sikufundishwa: namna ya kumaliza kitu kikastahimili hewa yetu ya pwani, na namna ya kukihesabu.

Si jambo geni kwetu

Tusidhani tumeletewa elimu mpya. Bibi zetu walikuna nazi na kifuu hawakukitupa. Kifuu kilichotiwa mpini kilikuwa upawa wa kupakulia mchuzi, au kata ya kutekea maji mtungini. Mkebe ulitiwa utambi ukawa koroboi. Leso iliyochakaa ilikuwa winda wa mtoto, ikichakaa zaidi ikawa tambara la kupigia deki. Na ni mtoto gani wa pwani ambaye hakuvuta gari la mikebe lenye magurudumu ya vifuniko?

Kilichobadilika ni taka zenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na champali bado zaja na maji kila bamvua. Wenzetu wa Lamu walizichukua taka hizo wakaunda jahazi zima, Flipflopi, chini ya fundi Ali Skanda. Lilitumia takriban tani 10 za plastiki, likavikwa vipande vya champali zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Jahazi lile halikuelea kwa kuwa limetengenezwa kwa taka. Lilielea kwa kuwa mafundi waliliunda kwa ufundi uleule wa jahazi la mbao. Hilo ndilo nililokosa mimi kwenye shanga zangu.

Shanga za karatasi

Karatasi nzuri ni ile ngumu kiasi na yenye rangi: kalenda za mwaka uliopita, majarida, vipeperushi vya maduka. Gazeti la kawaida ni laini mno na wino wake huchafua.

Kata karatasi iwe pembetatu ndefu, kitako sentimita 2 na urefu kama sentimita 30. Ukipanga kitako cha moja kando ya ncha ya nyingine, karatasi moja ya ukubwa wa A4 hutoa pembetatu 20. Chukua kijiti cha mshikaki, anza kuzungusha kutoka upande mpana. Mzunguko wa kwanza usitie gundi, la sivyo ushanga utagandana na kijiti. Kuanzia wa pili paka gundi nyeupe, nyembamba, na uvute karatasi ikaze. Ukizungusha kwa ulegevu, ushanga hubaki na nafasi ndani, na nafasi hizo ndizo nyumba ya unyevu. Uache ukauke siku nzima kabla ya kuufunika.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilizipaka shanga zangu gundi ileile niliyoizimua kwa maji, kama nilivyoona kwenye video. Ziling'aa kweli. Lakini gundi nyeupe ya kawaida ikipata unyevu hulainika tena. Pengine anayeishi kwenye hewa kavu hatapata shida. Kwetu sisi, masika yakiingia hata chumvi kwenye kibakuli hurowa, sembuse karatasi.

Sasa natumia vanishi ya mbao, ile ya mafuta. Navipanga vijiti vikiwa na shanga zake kwenye gunzi la hindi au kipande cha povu la godoro, shanga zisigusane. Napaka mkono wa kwanza mwembamba, naacha siku moja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Sehemu ya kuangalia sana ni zile ncha mbili za ushanga, penye tundu. Maji huingilia hapo, si ubavuni. Siku ya mvua sipaki kabisa, kwani vanishi hukawia kukauka na hubaki ikinata. Kazi hii huifanya nje au dirishani, kwa kuwa harufu yake hulevya, na watoto huwaweka mbali.

Kisha nina kipimo changu. Nachukua ushanga mmoja katika kila kundi, nautia kwenye gudulia pamoja na kitambaa kilichorowa, nafunga kifuniko, naacha siku tatu. Ukitoka mgumu, kundi zima liko sawa. Ukitoka laini, zote zarudi kwenye vanishi. Siku tatu hizo zingeniokoa mikufu 20.

Busati la leso kuukuu

Hii ndiyo ninayompendekezea anayeanza, kwa sababu haitaki kununua chochote ila uzi na sindano. Tena mikono yetu yaijua tayari. Mkeka wa ukindu hausukwi mzima kwa mara moja. Husukwa ukili, kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu. Busati la leso ni hivyo hivyo, isipokuwa ukili wake ni wa kitambaa na hushonwa kwa kuzungushwa.

Chukua pea moja ya leso zilizochakaa, zioshe, zikaushe. Zikate kwa urefu vipande vya upana wa sentimita 4. Unganisha vitatu upande mmoja, uvisuke kama unavyosuka nywele. Kipande kikiisha, usifunge fundo maana fundo litamkera mguuni anayekanyaga. Kishonee kipande kipya kwa sindano na uendelee. Jitahidi vipande visiishie mahali pamoja, ili msuko usiwe na sehemu dhaifu.

Kushona fanyia mezani, si mapajani. Anza katikati, zungusha msuko, na kila mzunguko uushone kwenye ubavu wa uliotangulia kwa uzi mgumu. Ukivuta sana, busati litakunjika kama kawa la kufunikia chakula. Ukilegeza sana, litafanya mawimbi. Dawa ni moja tu: fumua mizunguko miwili mitatu urudie. Pea moja hutosha busati la duara la zaidi kidogo ya nusu mita. Chini yake shonea vipande vinne vya mpira wa ndani wa baiskeli, maana busati likiteleza kwenye sakafu laini laweza kumvunja mzee nyonga.

Mavyaa wangu aliponiona nimeshika makasi alizuia mkono wangu. "Mwanangu, leso haikatwi jina." Basi tukalikata jina kwanza, likiwa zima, akalikunja akaliweka sandukuni. Sasa majina ya leso nayashonea mifuko midogo ya kutilia udi na ubani, na hiyo ndiyo inayonunuliwa upesi kuliko kitu chochote ninachotengeneza. Wazo ni lake, na kila mwezi najua cha kumpelekea.

Kifuu

Kwa kifuu ninayo machache ya kusema. Chagua cha nazi iliyokauka vizuri, kisicho na ufa. Kwangua nyuzi za nje kwa kisu au kipande cha kioo, kisha piga msasa wa kukwaruza, halafu wa kati, halafu laini, mpaka kiwe kama kimevishwa hariri. Vumbi lake ni baya kwa kifua, kwa hiyo fanyia nje na ujifunge leso puani. Kikiwa cha chakula usipake vanishi. Paka mafuta ya nazi, kiache kinywe, ufute, urudie kesho yake. Kikiwa cha kuwekea herini au funguo, vanishi haina neno.

Yasiyofaa kuguswa

Si kila kinachotupwa kinafaa kurudishwa nyumbani. Chupa za dawa za wadudu na mikebe ya rangi usiifanye vyombo vya chakula wala vya kuchezea watoto, hata uioshe mara saba. Plastiki na champali usiziyeyushe jikoni kwako kwenye makaa, moshi wake ni sumu. Mipira ya champali ikatwe kwa kisu na ipigwe msasa. Betri kuukuu usizifungue kamwe.

Daftari

Sasa nirudi kwenye jambo lililoniuma zaidi. Baada ya kulipa deni nilikaa na daftari la binti yangu nikapiga hesabu. Mikufu ile niliiweka bei ya shilingi 150. Mikufu 24 mara 150 ni shilingi 3,600. Nilikuwa nimekopa 4,000. Yaani hata ingenunuliwa yote, na isilainike hata mmoja, nisingelifikia deni. Masika yalinifichulia tu hasara ambayo nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi niliipata bure, ni kweli, na neno hilo bure ndilo lililonipoteza. Hivi ndivyo mkufu mmoja unavyonigharimu leo, kwa bei ninazonunulia mimi: gundi shilingi 8, vanishi 20, uzi 10, kifungio 15, shanga ndogo za kioo za kutenganishia 25. Naweka 12 za nauli, kwa sababu kuvuka feri kwa miguu ni bure lakini matatu si bure. Jumla 90. Na wakati wangu ni saa mbili, ukiacha zile siku za kungoja vanishi ikauke.

Kwa bei ya 150 nabakiwa na shilingi 60 kwa saa mbili, yaani 30 kwa saa. Hata anayefua nguo za watu hakubali ujira huo. Kwa bei ya 300 nabakiwa na 210. Mkufu uleule, saa zilezile. Tofauti ni kwamba wa 300 lazima uwe mgumu, ung'ae, kifungio kisifunguke, na tundu lisiwe na gundi iliyoganda. Kizuri chajiuza. Mteja hatalipa 300 kwa kuhurumia bahari wala kwa kunihurumia mimi. Atalipa kwa kuwa kitu kimempendeza.

Kwa hiyo dada yangu unayetaka kuanza, nakuomba usikope kwanza. Tengeneza busati moja kwa leso zako, liweke mlangoni kwako mwezi mzima, likanyagwe, lifuliwe. Likistahimili, tengeneza la pili umuuzie jirani. Andika kila senti na kila saa. Bei ikikataa kukulipa, badilisha kitu unachotengeneza kabla hujazamisha pesa za chama, kwa sababu pesa zile ni za wanawake wenzako na kila mmoja ana mtoto wake anayengoja viatu.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye duka lile na mikufu 12. Mwenye duka aliibonyeza yote, mmoja mmoja, mbele yangu, nami nikamwacha abonyeze. Aliichukua kwa mali kauli, na kufikia juzi alikuwa ameuza tisa. Viatu vya binti yangu nilivinunua Jumamosi. Karatasi iliyokuwa imevifunga ilikuwa ngumu na nzuri, basi naye akaikunjua akaniletea.