UKURASA WA AFYA: Baridi ya Ziwani na Mvuvi Asiyekubali Kurudi



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunakwenda mbali kidogo, hadi Marekani, kwenye ziwa lenye sakitu kandokando, ambako watu wazima wenye akili zao huamka saa kumi alfajiri katikati ya majira ya baridi ili washindane kuvua samaki kwa ndoana. Tuna sababu. Mama mmoja wa parokia yetu alifika zahanati akiwa na simu mkononi, akatuonyesha picha ya vidole vya mwanawe. Ncha za vidole viwili zilikuwa na malengelenge kama ya mtu aliyeungua moto. “Anasema ni baridi,” akatuambia. “Baridi inaunguzaje?”

Kijana huyo alikulia hapa kwetu nyanda za juu, akapata kipaimara hapa, na sasa anafanya kazi katika kiwanda kule South Carolina, ambalo ni jimbo la serikali, si jimbo la Kanisa. Tumeongea naye kwa simu mara mbili, na ameturuhusu tueleze yaliyompata bila kutaja jina lake.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Samaki anayeshindaniwa huitwa besi. Ni samaki wa maji baridi yasiyo na chumvi, ana mdomo mpana na hasira nyingi, na asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Majirani zetu wa Kenya wanamfahamu, kwani aliingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Mashindano makubwa ya Marekani yalianza mwaka 1967 katika ziwa la Beaver, huko Arkansas, yakiandaliwa na mtu aliyeitwa Ray Scott. Kwa kawaida mvuvi hupeleka kwenye mizani samaki watano tu walio wakubwa kuliko wengine, akiwa amewatunza hai katika tangi la maji lililomo ndani ya boti, na baada ya kupimwa hurudishwa ziwani. Kwetu sisi tunaovua ili tule, kumpima samaki kisha kumwachia aende zake ni jambo la kushangaza, lakini ndivyo wapendavyo.

Wapo wanaodhani mchezo huu ni wa kiangazi. Sivyo. Shindano lao kubwa kuliko yote, liitwalo Bassmaster Classic, kwa miaka mingi tangu 2006 limekuwa likifanyika Februari au Machi. Mwaka 2015 lilifanyika Februari kwenye Ziwa Hartwell, mpakani mwa South Carolina na Georgia. Asubuhi ya kwanza baridi ilikuwa kali kiasi kwamba waandaaji walichelewesha boti kuondoka. Mshindi, Casey Ashley, ambaye ni mwenyeji wa jimbo hilohilo, alipima jumla ya paundi 50 na aunsi 1 kwa siku tatu, yaani karibu kilo 23, akapata dola 300,000. Fedha kama hizo zinatosha kumfanya mtu asahau kwamba hahisi miguu yake.

Kijana wetu hakuwania dola laki tatu. Lilikuwa shindano dogo la wafanyakazi wenzake, mwezi Januari, na zawadi yake haikuzidi mshahara wa wiki moja. Alipangwa boti moja na mzee mmoja mstaafu, mwenye boti hiyo. Asubuhi kipimajoto kilionyesha nyuzi 6 chini ya sifuri. Hapo msomaji wa Makete atasema, “Hata sisi Juni tunaona sakitu juu ya majani.” Ni kweli. Lakini sisi tukiona sakitu tunakaa jikoni karibu na moto mpaka jua litoke. Yeye alikuwa juu ya boti iendayo kilomita 90 kwa saa. Upepo huondoa lile tabaka jembamba la hewa vuguvugu linaloizunguka ngozi. Kwa hesabu iliyoanza kutumika Marekani na Kanada mwaka 2001, nyuzi 6 chini ya sifuri katika upepo wa mwendo huo humpata mtu usoni kama nyuzi 19 chini ya sifuri. Hayo yote kabla hajatupa ndoana hata mara moja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua mpaka alipotueleza. Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Maji yakipoa, naye hupoa, mwili wake hufanya kazi polepole, hali sana, wala hakimbizi chambo. Hujikalia chini kwenye kina. Basi mvuvi wa majira ya baridi hulazimika kukivuta chambo taratibu mno, kukisimamisha, kungoja, kukitikisa kidogo, kungoja tena. Kwa saa nane anasimama karibu bila kujongea. Na mwili wa binadamu hutengeneza joto hasa kwa misuli inayofanya kazi. Mwenye kulima kwenye baridi hujipasha moto kwa jembe lake, lakini huyu anayengoja samaki mvivu hana jembe. Kadiri anavyovua kwa ustadi ndivyo anavyozidi kupoa.

Tena mikono yake haikauki. Maji huganda katika zile pete ndogo za ufito ambamo mshipi hupita, na dawa yake ni kuuchovya ufito ziwani au kuibandua barafu kwa vidole. Kufunga ndoana kwenye mshipi mwembamba huwezi ukiwa umevaa glavu nene. Akimpata samaki, anamshika kwa mkono mtupu uliolowa. Kijana wetu alivua glavu saa mbili asubuhi ili afunge ndoana, na anavyokumbuka hakuzivaa tena.

Ndani ya mwili mambo yalikwenda hivi. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ulinde kwanza moyo, ubongo na viungo vya ndani, ambavyo huhitaji joto la nyuzi 37 hivi. Baridi ikizidi, mishipa ya damu ya vidole, masikio na pua hujibana ili damu yenye joto ibaki ndani. Ni kama mama anayezima taa za vyumba vya nje ili mafuta yatoshe sebuleni. Kidole kisichopata damu hufa ganzi, na kisipopata tena kwa muda mrefu maji yaliyomo katika nyama yake huanza kuganda. Malengelenge aliyoyaona mama yule yalitokana na hayo. Kwa hiyo jibu la swali lake ni kwamba baridi haiunguzi kama moto, ila huharibu nyama kwa namna inayofanana sana na moto.

Tuseme wazi jambo moja, maana linawahusu wasomaji wetu wenye ndugu ng’ambo. Imeonekana kwa miaka mingi, hasa katika majeshi ya Marekani na Uingereza, kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi ya vidole upesi kuliko Wazungu walio nao mahali pamoja. Mishipa ya vidole vyao hukawia kufunguka tena baada ya kujibana. Haina maana kwamba ni wanyonge, na kuzaliwa penye baridi kama huku kwetu hakuondoi hatari hiyo. Zaidi ya hayo, vitabu vingi huandika kwamba kidole kilichoathirika huwa cheupe, lakini kwenye ngozi nyeusi hakiwi cheupe, bali hupauka kama kilichopakwa majivu, kikawa kigumu na cha baridi. Kijana alimtazama mwenzake vidole, akaona vyekundu, akatazama vyake, hakuona wekundu wowote, akadhani yuko salama.

Kufikia saa sita alikuwa na samaki wawili. Alikuwa ametetemeka sana asubuhi, kisha akaona kutetemeka kumepungua, akafurahi kwamba amezoea. Kumbe mwili ulikuwa umeanza kuchoka. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu amekwisha kuingia katika ugonjwa. Mwanzoni hutetemeka kwa nguvu na vidole hukataa kazi. Baadaye huwa na hasira ndogondogo, hunung’unika, maneno humtoka kwa uvivu kama mlevi, hujikwaa. Akifika karibu na nyuzi 32 au 30 kutetemeka huisha, na huo ndio wakati wa hatari hasa. Ubaya wake ni kwamba ubongo nao umepoa, hivyo mgonjwa ndiye wa mwisho kujua. Ukimwuliza atajibu, “Niko sawa.” Kijana wetu alijibu hivyo mara tatu.

Mzee hakumsadiki. Alikuwa amemwona akiangusha chambo kile kile mara mbili, na akijaribu kufunga fundo ambalo asubuhi alilifunga bila kutazama. Mzee mwenyewe alikuwa na samaki wanne wazuri, amebakiza mmoja. Akakusanya fito, akawasha injini, wakarudi saa tatu kabla ya muda. Kijana alikasirika njia nzima, hata akasema maneno ambayo leo anayaonea aibu. Hasira hiyo nayo ilikuwa dalili.

Tumemfikiria sana mzee yule. Mashindano yana namna yake ya kumziba mtu masikio. Kanuni za kawaida humkata mvuvi paundi moja kwa kila dakika anayochelewa, na akichelewa dakika 15 hupoteza samaki wake wote. Kwa hiyo wengi hung’ang’ania mpaka dakika ya mwisho, kisha hurudi kwa kasi wakiwa na mikono iliyokufa ganzi, wakati mawimbi yamekwisha kuamka. Hapo ndipo watu huangukia majini.

Na maji ya baridi si kama maji ya Ziwa Victoria. Mvuvi wa Mwanza akianguka, maji ni ya nyuzi 24 au 25, na hofu yake ni mawimbi na umbali. Katika maji yaliyo karibu kuganda, jambo la kwanza ni mshtuko: mtu hutweta kwa nguvu asiyoweza kuizuia, na kama kichwa kiko chini ya maji basi huvuta maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amefundisha watu wakumbuke hesabu ya moja, kumi, moja. Dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi hivi ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya kupoa. Wengi hawafiki kwenye hiyo saa. Huzama mapema, tena hata wanaojua kuogelea, kwa sababu misuli imegoma. Ndiyo maana jaketi la kuokolea maisha linapaswa kuwa mwilini, si chini ya kiti. Ndiyo maana pia kuna ile kamba inayomfunga nahodha na swichi ya injini ili akianguka injini izimike. Tangu Aprili 2021 sheria ya Marekani inawataka waendeshaji wa boti ndogo nyingi zenye injini waitumie.

Walipofika ufukweni mzee alifanya karibu kila kitu sawasawa. Alimwingiza ndani ya gari lenye joto, akamvua nguo zilizolowa, akamfunika blanketi kifuani kwanza, akampa chai ya sukari kwa sababu alikuwa macho na anaweza kumeza. Hakumpa pombe. Pombe humfanya mtu ajisikie moto kwa kuwa hufungua mishipa ya ngozi, na joto la ndani hutoroka kupitia hapo. Kosa lilikuwa la kijana mwenyewe: alisugua vidole kwa nguvu. Kidole kilichoganda kina chembe za barafu ndani yake, na kukisugua ni kukikata kwa ndani. Wala kisikaushwe motoni, maana hakina hisia na kitaungua kweli. Kiwekwe katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, yaani yale ambayo kiwiko cha mtu mzima huyasikia kuwa ya kumwogeshea mtoto mchanga, kwa nusu saa hivi, na maumivu yatakuwa makali. Kama kuna hatari ya kuganda tena njiani, ni afadhali kungoja mpaka hospitali. Na mgonjwa aliyepoa sana, aliyeacha kutetemeka au asiyeeleweka asemapo, alazwe chali, asitembezwe, ashikwe kwa upole, kwa sababu moyo uliopoa hukasirishwa na mtikisiko mdogo tu.

Kijana alitibiwa, vidole vimepona, ila bado vinauma akishika kitu cha baridi. Hali hiyo huweza kudumu miezi au miaka, na vidole vilivyoumia mara moja huumia upesi mara ya pili. Tulimwambia hivyo. Akatujibu kwamba Februari wanashindana tena, na ameomba kupangwa na mzee yuleyule. Wamekubaliana kwamba kila saa moja watavua glavu na kuonyeshana vidole, na kwamba yeyote akisema “turudi” hakuna kuulizana.

Mama yake alitaka kumtumia mafuta mazito ya kujipaka mikononi na usoni, kama tunavyowapaka watoto wetu Julai. Tulimwambia mafuta hulainisha ngozi lakini hayazuii isigande, na yanaweza kumdanganya mtu ajione amekingwa. Amtumie vitu vya sufi badala yake, kwa kuwa sufi hutunza joto hata ikilowa, ila pamba iliyolowa huuvuta moto wa mwili. Basi amemfumia kofia. Aliileta zahanati Jumatano tuikague, na inafunika masikio yote mawili.