Ubundu: Mjomba asiyetajwa na sheria anapomchunga mshitakiwa

Mahakama ikimwachilia mshitakiwa kwa muda kabla ya kesi kwisha, sheria ya Kongo humtazama yeye mwenyewe na fedha za dhamana zilizowekwa. Mjomba anayempa mahali pa kulala mjini hatajwi popote. Kwa mtu wa Ubundu, mkoani Tshopo, ambaye kesi yake inasikilizwa Kisangani, bila mjomba huyo kuachiliwa kunaweza kubaki maneno ya karatasini tu.

Kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai ni ya tarehe 6 Agosti 1959, Wabelgiji wakiwa bado watawala. Inasema kumfunga mtu kabla ya hukumu ni hatua ya nadra, na Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inakazia kwamba uhuru ndio kawaida. Mshitakiwa akiachiliwa kwa muda, anaweza kupewa masharti: aishi katika mji wenye ofisi ya mwendesha mashtaka, asivuke eneo fulani bila ruhusa, asionekane mahali kama stesheni au bandarini, na aripoti kila baada ya muda kwa hakimu mpelelezi au kwa mtumishi aliyeteuliwa.

Ukiwa Ubundu, masharti hayo yana uzito wake. Mji huu, zamani ukiitwa Ponthierville, uliinuliwa na stesheni na bandari. Maporomoko ya Boyoma yanazuia vyombo kupita mtoni, ndiyo maana reli ya kilomita 125 hadi Kisangani ilifunguliwa mwaka 1906. Treni inaishia Lubunga, ukingo wa kushoto, na abiria anavuka mto kwenda mjini. Mtu aliyekatazwa stesheni na bandari afikeje kwenye kesi yake? Hakimu asipoandika sharti hilo kwa uangalifu, anaweza kumzuia mshitakiwa kutii amri ileile aliyompa.

Njia iliyo rahisi ni kukaa Kisangani kwa ndugu. Hapo ndipo mzigo unapohama. Mwenyeji ndiye atakayeulizwa kwanza mtu asipoonekana, ingawa hakutia saini popote. Sheria haimfungi badala ya aliyetoroka, na hilo familia nyingi zingefaa kulijua mapema. Lakini kumficha mtu unayejua anatafutwa na vyombo vya sheria ni kosa jingine kabisa. Mshitakiwa akivunja masharti anaweza kurudishwa gerezani, na dhamana, ambayo pengine ni michango ya ukoo mzima, iko hatarini kupotea.

Kwingine kazi hii ina jina. Kenya ina mdhamini anayetia saini mahakamani, na akichoka au akiona dalili za kutoroka anaweza kuomba kuondolewa. Mahakama humwita mshitakiwa atafute mwingine. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu mshitakiwa akabidhiwe kwa mtu anayekubali kumsimamia na kuiarifu mahakama sharti lolote linapovunjwa, hata kama mvunjaji ni mwanawe.

Kongo nayo ina kitu cha namna hiyo, ila kwa watoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inampa hakimu wa watoto nafasi ya kumwacha mtoto chini ya wazazi au walezi wake, ikiwezekana ofisa wa ustawi wa jamii akifuatilia, au kumkabidhi kwa muda kwa wanandoa wenye mwenendo mwema. Hapo mlezi anajulikana tangu siku ya kwanza. Mtu mzima hana mlezi wa aina hiyo, na ni vigumu kuona kwa nini hakimu asimwite mwenyeji na kumweleza masharti ana kwa ana.

Kwa sasa mwenyeji anajisaidia mwenyewe. Aombe kusomewa uamuzi kwa lugha anayoielewa, abaki na nakala, aandike tarehe za kuripoti, na risiti ya dhamana itunzwe na aliyelipa. Jaribu kubwa ni msiba. Habari ya kifo ikitoka Ubundu jioni, kila mtu hufunga mzigo. Mshitakiwa aliyewekewa mpaka wa kutembea hawezi kufunga wake mpaka hakimu mpelelezi au mwakilishi wake atoe ruhusa, na ruhusa hiyo huombwa kabla ya kuvuka kwenda Lubunga.