Darasa Lililopangwa Humfikia Kila Mtoto

Mafanikio ya somo hayategemei umahiri wa mwalimu na ubora wa kitabu peke yake, bali hutegemea pia chumba chenyewe: mahali lilipowekwa kila dawati, upande unakoingilia mwanga, njia anayopita mwalimu, na kile anachokiona mtoto akiinua macho ukutani. Wataalamu wa elimu huyaita mambo haya mazingira ya kujifunzia na kufundishia, yaani jumla ya vitu vinavyoonekana, vinavyosikika na kuguswa ambavyo humzunguka mwanafunzi anapojifunza. Katika shule nyingi mambo hayo huachwa yajipange yenyewe, madawati yakabaki mwaka mzima pale yalipowekwa siku ya kwanza, ilhali mpangilio wa chumba ndio unaoamua ni mtoto yupi anayeuona ubao, yupi anayelisikia swali, na yupi anayefikiwa na mwalimu kabla kengele haijalia. Kulipanga darasa, kwa hiyo, ni sehemu ya kufundisha, na katika darasa lenye watoto wengi ni sehemu isiyoweza kuachwa.

Msongamano huo una historia yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka Tanzania ifikie elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977, Kenya ikaondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ikaanza kutekeleza elimu bila malipo mwaka 2016. Kila hatua kati ya hizo iliwaingiza shuleni watoto ambao wangebaki nyumbani, na kila hatua iliongeza idadi ya walioketi katika vyumba vilevile. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha shule ya msingi, lakini yako madarasa mengi yenye idadi mara mbili ya hiyo na zaidi. Chumba chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 kina mita za mraba 63, hivyo watoto 45 wakiketi humo kila mmoja ana nafasi ya mita za mraba 1.4, ambayo hupungua hadi 0.7 wakifika 90, na bado humo humo panatakiwa papatikane nafasi ya meza ya mwalimu, ubao na mlango.

Kampeni ya madawati iliyoendeshwa nchini Tanzania mwaka 2016, wakati wa Rais John Magufuli, iliwainua watoto wengi kutoka sakafuni, na hilo lilikuwa jambo la heshima kwa mtoto na la manufaa kwa mwandiko wake. Hata hivyo, dawati hutimiza nusu tu ya kazi yake iwapo limesukumwa ukutani au limebanwa na mengine kiasi kwamba mwalimu hawezi kulifikia. Baada ya swali la kama mtoto ana mahali pa kukaa, linalofuata ni kama mahali hapo panamwezesha kujifunza.

Umbali kati ya mtoto na mwalimu

Mwaka 1970 watafiti Raymond Adams na Bruce Biddle walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu yanayotendeka darasani, wakaonyesha kwamba katika chumba chenye madawati ya safu, sehemu kubwa ya mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi hufanyika na wale walioketi mbele na katika mstari wa katikati. Eneo hilo linaweza kuitwa eneo la ushiriki, maana mtoto aliye ndani yake huulizwa, hujibu na husahihishwa, ilhali aliye pembeni au nyuma anaweza kumaliza kipindi bila kutamka neno. Mwalimu hafanyi hivyo kwa upendeleo, kwani macho na sauti yake huelekea kwa walio karibu, na walio karibu humjibu, hivyo mazoea yanajijenga siku hadi siku pasipo yeyote kuyakusudia.

Dawa ya kwanza ni njia. Madawati 20 ya watoto watatu watatu, yanayotosha watoto 60, yakipangwa katika safu nne za kwenda nyuma, huku safu mbili za pembeni zikigusa kuta na njia tatu zikiachwa katikati, hakuna mtoto atakayetenganishwa na njia kwa zaidi ya wenzake wawili, na mwalimu ataweza kuliona daftari la kila mmoja bila kumwamrisha mtu asimame. Njia hizo zisizuiwe na mabegi, ndoo wala mafagio, na meza ya mwalimu, ambayo mara nyingi huwekwa mbele katikati, ni afadhali iwekwe pembeni ili sehemu ya mbele ibaki wazi kwa kufundishia na kwa watoto wanaoitwa ubaoni.

Dawa ya pili ni mzunguko. Watoto wa madawati ya mbele wakihamia nyuma kila wiki, na wengine wakasogea mbele hatua moja, kila mtoto hupata zamu yake katika eneo la ushiriki, na mwalimu hulazimika kuziona sura ambazo zingebaki nyuma mwaka mzima. Wanaopaswa kubaki mbele daima ni wale wenye sababu, hasa wasioona vizuri au wasiosikia vizuri. Hata ndani ya dawati moja kuna la kuzingatia: mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto akae mwisho wa kushoto wa benchi, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani anayetumia mkono wa kulia.

Safu au makundi

Mitaala ya sasa ya Tanzania na Kenya, inayosisitiza umahiri, humtaka mwanafunzi ajadili, atende na agundue pamoja na wenzake, na kwa sababu hiyo walimu wengi wamepata kuelewa kwamba kukaa kwa makundi ni kwa kisasa na kukaa kwa safu ni kwa kizamani. Utafiti hauungi mkono hukumu hiyo. Mwaka 2008 Rachel Wannarka na Kathy Ruhl walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu jambo hili, wakahitimisha kwamba kazi ya mtu mmoja mmoja, kama vile kuandika imla au kukokotoa hesabu daftarini, hufanyika vizuri zaidi watoto wakikaa kwa safu, wakati kazi inayohitaji mazungumzo hustawi wakikaa kwa kuelekeana. Aina ya kazi, kwa hiyo, ndiyo inayopaswa kuchagua aina ya ukaaji.

Katika darasa lililojaa, kuhamisha madawati mazito kila kipindi huleta kelele na kupoteza muda, lakini si lazima yahamishwe. Watoto wa dawati la kwanza wakigeuka na kuwaelekea wa dawati la pili, wa la tatu wakageukia la nne, darasa la watoto 60 lenye safu za madawati manne au sita hugawanyika kuwa makundi ya watoto sita sita kwa muda mfupi, pasipo dawati lolote kuondolewa mahali pake. Zoezi hilo likifanywa mara kwa mara kwa ishara moja inayojulikana, hata watoto wa Darasa la Kwanza hulizoea. Kwa kazi fupi zaidi, jozi ya walioketi pamoja hutosha, na huwapa nafasi ya kusema hata wale wanaoogopa kusimama mbele ya darasa zima.

Mwanga, hewa na sauti

Kati ya tafiti zinazojulikana zaidi kuhusu vyumba vya madarasa ni ule ulioongozwa na Peter Barrett wa Chuo Kikuu cha Salford nchini Uingereza, uliotolewa mwaka 2015 baada ya kuchunguza madarasa 153 katika shule 27 yenye wanafunzi 3,766 wa shule za msingi. Utafiti huo ulionyesha kwamba sifa za chumba, kwa pamoja, zilieleza asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi katika mwaka mmoja, na kwamba mwanga, joto na hewa safi vilikuwa na uzito mkubwa miongoni mwa sifa hizo. Mazingira ya Uingereza si ya Tanga wala Kisumu, lakini mahitaji ya mwili wa mtoto ni yaleyale: macho yanataka mwanga wa kutosha, na ubongo hauwezi kufuata somo katika hewa nzito yenye joto.

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini kutoka mashariki na magharibi, na ndiyo maana jengo la madarasa hutakiwa liwe refu kwa kufuata mstari wa mashariki na magharibi, ili madirisha yaelekee kaskazini na kusini. Madirisha ya pande zote mbili hupitisha upepo chumbani, na paa lililotokeza nje ya ukuta huzuia jua na mvua. Pale ambapo jengo lilikwisha kujengwa vinginevyo, miti ya kivuli upande wa magharibi husaidia, na kuta zilizopakwa chokaa au rangi nyeupe hukisambazia chumba mwanga mdogo ulioingia. Ubao nao unahitaji kutazamwa kutoka katika madawati ya pembeni: ukiwa unang'aa au umefifia, watoto wa upande mmoja huona mng'ao tu mahali pa maandishi, na mpako mpya wa rangi nyeusi isiyong'aa huwarudishia somo lao kwa gharama ndogo.

Sauti husahaulika zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za chini chini darasani, zilizopo kabla mtu hajasema, zisizidi desibeli 35, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari hukipita kiwango hicho mbali, na mwalimu hubaki akipiga kelele bila kusikika. Dari hupunguza tatizo hilo na kupunguza joto pia. Shule isiyo na dari inaweza angalau kuwafundisha watoto utaratibu wa wakati wa mvua, kama vile kusoma kimya au kunakili kazi iliyokwisha kuandikwa ubaoni, ili kipindi kisipotee chote.

Kuta na kona

Walimu wa Tanzania hulitambua darasa linaloongea, yaani darasa ambalo kuta zake zina herufi, silabi, namba, picha na maneno yanayomsaidia mtoto hata mwalimu asipokuwapo. Kwa Darasa la Kwanza na la Pili, ambayo tangu mwaka 2015 hufuata mtaala uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, kuta hizo ni kitabu cha ziada kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu. Lakini kitabu hicho kina masharti: maandishi yawe makubwa, yawekwe kwenye usawa wa macho ya mtoto, yahusu somo linaloendelea, na yabadilishwe somo likibadilika.

Sharti la kuonyesha yanayohusu somo linaloendelea tu lina ushahidi. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani waliwafundisha watoto 24 wa chekechea masomo mafupi, mengine katika chumba kilichojaa mapambo na mengine katika chumba kisicho na mapambo. Katika chumba cha kwanza watoto walijibu kwa usahihi wastani wa asilimia 42 ya maswali, na katika cha pili asilimia 55, kwa sababu mapambo yaliyavuta macho yao mbali na mwalimu. Ukuta wenye ubao, basi, ubaki mtulivu, na zana zipangwe katika kuta za pembeni na ya nyuma. Chumba kikitumiwa na mikondo miwili kwa zamu, au kikiwa hakifungwi kwa kufuli, zana zilizoandikwa kwenye manila au viroba vilivyooshwa zinaweza kutundikwa kwenye kamba asubuhi na kurudishwa ofisini jioni.

Kwa watoto wa elimu ya awali, pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wake yenyewe. Mpango wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukiongozwa na mwalimu Swafiya Said, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Shule hizo zilionyesha kwamba chumba cha kawaida kinaweza kugawanywa kuwa kona za kujifunzia, yaani sehemu ndogo za kazi maalumu, kama kona ya vitabu, ya kujengea na ya shughuli za nyumbani, na kwamba zana za kona hizo hupatikana katika mazingira yaleyale wanamoishi watoto. Vifuu, makombe ya pwani, vizibo na maboksi humfundisha mtoto kuhesabu na kupanga, mradi viwekwe mahali anapoweza kuvifikia na kuvirudisha mwenyewe.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu

Haki ya mpangilio hupimwa zaidi kwa mtoto mwenye ulemavu. Mwanafunzi mwenye ualbino, kwa mfano, huwa na uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali, hivyo kumweka mbele hakutoshi iwapo amewekwa karibu na dirisha linalopitisha jua. Anahitaji kuwa karibu na ubao na ndani ya kivuli, na aruhusiwe kuusogelea ubao anapohitaji. Asiyesikia vizuri anahitaji kuuona uso wa mwalimu, na kwa hiyo mwalimu asizungumze akiwa ameuelekea ubao. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mlango mpana, mteremko badala ya ngazi, na nafasi iliyoachwa kati ya wenzake badala ya kutengwa nyuma ya chumba.

Hakuna mpangilio unaoweza kufuta upungufu wa vyumba na walimu, na wajibu wa serikali na jamii wa kujenga madarasa unabaki palepale. Lakini mtoto anayeanza shule mwaka huu hawezi kusubiri jengo litakalokamilika baada ya miaka mitano. Kamati ya shule inaweza kuweka rangi ya ubao na miti ya kivuli katika bajeti yake, wazazi wanaweza kuleta viroba na vizibo, na mwalimu mkuu anaweza kuwaomba walimu wake waketi kwa dakika chache katika dawati la mwisho la kila chumba, wautazame ubao na kumsikiliza mwenzao akizungumza kutoka mbele. Yale wasiyoyaona na wasiyoyasikia wakiwa hapo ndiyo kazi ya kuanza nayo, kwa sababu mtoto wa dawati hilo ana haki ya somo lilelile analopewa mtoto wa dawati la kwanza.