Ilhamu Ina Anwani: Jinsi Misa Luba Ilivyotungwa Kamina

Kila mwaka wanafunzi wakiombwa kuleta shairi au hadithi, nasikia sentensi ileile nje ya darasa: "Bado sijapata ilhamu." Wengine husema uvuvio, kana kwamba ni upepo utakaoingia dirishani siku ukipenda. Mimi naona ilhamu ina anwani, na mojawapo iko hapahapa Kamina. Wengi wetu tunaijua Misa Luba kwa jina tu. Lakini namna ilivyotungwa inatuhusu sisi watu wa lugha kuliko tunavyodhani.

Septemba 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikabidhiwa uongozi wa Shule ya Kati ya Kamina. Miezi michache baadaye akaunda kundi la waimbaji na wapiga ngoma, akaliita Les Troubadours du Roi Baudouin, jina ambalo lenyewe linakuonyesha zama zake. Lilikuwa na wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, na walimu wapatao 15 wa shule hiyohiyo. Misa waliijenga mwaka 1957. Tarehe 23 Machi 1958 ikaimbwa ibadani kwenye misioni ya Mtakatifu Bavo, na mwaka huohuo kundi likasafiri Ulaya. Mwimbaji kiongozi alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu.

Kilichonivutia si safari. Ni kwamba hakuna aliyekaa mezani na kalamu akaandika noti. Maneno yalikuwa ya Kilatini, maana ruhusa ya kutumia lugha za watu katika Misa ilikuja baadaye, kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963. Sauti zilitoka kwingine. Kyrie ilifuata mtindo wa kasala, uimbaji wa kilio. Sanctus ilichukua namna ya wimbo wa kuagana, Hosanna mwendo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei wimbo wa Bena Luluwa. Walikuwa wakiimba pamoja, wakijaribu, wakirudia, hadi umbo likatulia.

Hapa tusipite haraka. Tukisikia kwamba watu walibuni papo hapo, tunafikiri walitoa kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mtu anayeongoza kasala ana majina ya wazee, mito, sifa na matendo ya ukoo, na ana njia zinazojulikana za kuyaunganisha. Usiku ule anayapanga upya kwa ajili ya marehemu huyu, mbele ya watu hawa. Kinachobuniwa ni mpangilio, mali ilikuwapo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa lukasa, ubao wa shanga wa chama cha Mbudye: msomaji aligusa shanga zilezile, na masimulizi yakabadilika kulingana na nani aliyekuwa akisikiliza na kwa nini wamekutana. Mtoto wa miaka 10 hakuhitaji kufundishwa sauti ya kilio darasani. Aliisikia amelala mgongoni mwa mama yake. Ghala lilijaa kwa mazoea ya kila siku, kabla hajajua kwamba ni ghala.

Jambo la pili ni wenzake. Wimbo wa wito na kiitikio una ukali ambao mhakiki wa karatasi hana. Kiongozi anarusha sentensi. Kundi likiitikia kwa ulegevu, anajua palepale kwamba sentensi haikufika, na anabadilisha ya pili. Nadhani Kilatini nacho kiliwasaidia, ingawa hili ni wazo langu tu. Kiluba ni lugha ya toni, na katika lugha za namna hiyo wimbo hauwezi kupanda na kushuka ovyo, usije ukageuza maana. Silabi za Kilatini hazikuwa na kizuizi hicho. Sauti za kilio zilipata maneno ambayo hayakuzipinga.

Wala haya si ya waimbaji peke yao. Clémentine Nzuji alipoanzisha kule Kinshasa, mwaka 1964, duara la washairi vijana lililoitwa Pléiade du Congo, alianza na marafiki waliosomeana mashairi. Kitabu chake juu ya kasala kilitoka miaka kumi baadaye, 1974.

Mimi nina marafiki wawili wa kazi hii, na hakuna hata mmoja anayeandika. Mmoja anapiga ngoma, mwingine anachora vibao vya maduka. Mpiga ngoma hajali mafumbo yangu. Ananiambia nisome, anagonga meza, kisha anauliza kwa nini mguu wa tatu umechelewa. Mchoraji ana ubao wenye upana wake, na neno lazima litoshe. Tangu nimzoee, nimeacha maneno mengi marefu. Mshairi mwenzangu angenisifu kwanza.

Na kila jioni naandika sentensi tatu nilizosikia siku hiyo, bila kuzipamba. Stesheni ni mahali pazuri, kwa kuwa hapa reli ya Ilebo na ile ya Kabalo zinaachana, na wanaongoja ni watu wa lugha nyingi. Mama mmoja alimwambia mwanawe: "Treni haina na saa, iko na siku." Nimeitumia mara mbili tayari.

Lakini ghala ni la nani? Misa Luba ilirekodiwa, Sanctus ikasikika katika filamu ya Lindsay Anderson ya mwaka 1968, misa ikachapwa kwa noti, na mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikatoa rekodi yake. Mtunzi anayetajwa ni Haazen. Sitaki kumpokonya haki ya kazi aliyoifanya, ila kitu kilichozaliwa kwa majibu ya watu sitini kimebaki na jina moja. Nasi tunaingia kwenye vilio na madaftari yetu, wakati ambapo vipaza sauti vinachukua nafasi ya wale wanaojua kuongoza kasala. Tukiwachukulia bila kuwataja, tutakuwa tumeufunga mlango huo mara mbili.

Kwa hiyo katika kundi letu tunaandika chini ya kila shairi: nani alitupa neno, wapi, siku gani. Desturi hii imeleta mabishano. Shairi la mwisho lina mistari minne iliyotoka kwa bibi ya mpiga ngoma, naye anadai jina la bibi litangulie la kwangu. Mchoraji amekubaliana naye. Nimeomba wanipe wiki moja, na wiki inaisha Jumamosi.