Upangaji wa Mipango kama Jukumu la Menejimenti katika Huduma za Uuguzi: Mfano wa Wodi ya Wazazi

Utangulizi

Makala hii inafafanua upangaji wa mipango kama jukumu la menejimenti katika huduma za uuguzi, kwa kutumia mfano wa wodi ya wazazi katika hospitali ya ngazi ya wilaya nchini Tanzania. Wodi hiyo imechaguliwa kwa sababu uchungu wa uzazi haufuati saa za kazi. Mama anaweza kufika saa nne asubuhi, wakati matroni, daktari, mfamasia na mtunza stoo wote wapo. Anaweza pia kufika saa nane usiku, akamkuta muuguzi mmoja na kabati lililofungwa. Hoja kuu ya makala ni kwamba mpango wa huduma za uuguzi hupimwa katika saa hiyo ya pili. Kupanga, kwa muuguzi kiongozi, ni kuamua mapema mambo ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo kuyaamua.

Dhana ya upangaji

Wanazuoni wa menejimenti wamezoea kuiweka kazi ya kupanga mwanzoni mwa orodha ya majukumu ya meneja. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyechapisha nadharia yake mwaka 1916, aliyataja majukumu matano: kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Mwaka 1937 Luther Gulick wa Marekani aliipanua orodha hiyo hadi majukumu saba, lakini kupanga kulibaki pale pale. Mpangilio huo una mantiki. Haiwezekani kugawa kazi ambayo haijabainishwa, wala kudhibiti utekelezaji wa jambo ambalo halikuwahi kuamuliwa.

Katika uuguzi wazo hilo lilitangulia nadharia za viwandani. Florence Nightingale, aliyeondoka Uingereza mwaka 1854 na wauguzi 38 kwenda hospitali za jeshi huko Scutari, alitenga sura nzima ya kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 kuzungumzia usimamizi wa mambo madogo. Alisisitiza kwamba uangalizi wa mtu mmoja, hata awe hodari kiasi gani, hauna faida kubwa endapo hakuweka utaratibu wa kuhakikisha kwamba yale anayoyafanya akiwepo yanafanyika pia asipokuwepo. Ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya kiini cha upangaji wa wodi, na inashangaza kwamba wauguzi wengi hufundishwa jina la Nightingale pamoja na taa yake, lakini si hoja hii.

Ieleweke pia kwamba kupanga si jambo geni kwa muuguzi. Kila mwanafunzi wa uuguzi hujifunza kumtathmini mgonjwa, kutambua matatizo yake, kuandaa mpango wa huduma, kuutekeleza na kuupima. Tofauti ni ya upeo. Mpango wa huduma ya mgonjwa humhusu mtu mmoja aliye mbele ya muuguzi, ilhali mpango wa wodi huwahusu watu ambao bado hawajafika na ambao majina yao hayajulikani. Muuguzi anayepandishwa cheo kuwa mfawidhi wa wodi huvuka mpaka huo siku moja, mara nyingi bila mafunzo yoyote ya ziada, na huendelea kufanya kile anachokiweza vizuri, yaani kuhudumia aliye mbele yake.

Ngazi za mipango

Mipango ya huduma za afya hupangwa kwa ngazi. Ipo ya kimkakati ya taifa inayochukua miaka kadhaa. Upo mpango kabambe wa afya wa halmashauri, unaofuata mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Chini kabisa ipo mipango ya utekelezaji ya kituo na ya wodi: ya mwezi, ya wiki na ya zamu. Muuguzi Mkuu wa Wilaya ni mjumbe wa Timu ya Usimamizi wa Afya ya Halmashauri, hivyo ndiye daraja kati ya wodi na bajeti. Hata hivyo daraja hilo hupitisha tu kilichoandikwa. Ombi linalosema "vifaa vya uuguzi viongezwe" hukatwa kwa urahisi bajeti inapobana, kwa kuwa halina idadi, bei wala matokeo ya kukosekana kwake. Na kwa kuwa bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai, wodi inayokumbuka mahitaji yake mwezi Juni imekwisha kuchelewa kwa mwaka mzima.

Hesabu ya zamu

Eneo ambalo upangaji wa uuguzi huonekana wazi zaidi, na hukosewa zaidi, ni ratiba ya zamu. Mara nyingi ratiba huandaliwa kwa kuchukua majina yaliyopo na kuyasambaza kwenye visanduku. Huko ni kugawa tu. Upangaji huanza na swali tofauti: wodi inahitaji watu wangapi katika kila zamu, na ili wapatikane, inapaswa kuwa na wauguzi wangapi?

Nafasi moja inayopaswa kuwa na mtu saa zote, katika mfumo wa zamu tatu kwa siku, inahitaji zamu 1,095 kwa mwaka. Muuguzi anayefanya zamu tano kwa wiki ana zamu 260 kwa mwaka. Likizo ya mwaka, ambayo kwa sheria ya kazi ya Tanzania haipungui siku 28, ni wiki nne, sawa na zamu 20. Zikitengwa zamu nyingine 20 kwa ajili ya sikukuu, ugonjwa, misiba na mafunzo, zinabaki 220. Kugawanya 1,095 kwa 220 kunatoa takribani watano. Kwa maneno mengine, kila muuguzi mmoja anayeonekana wodini wakati wowote, mchana na usiku, anawakilisha wauguzi watano walioajiriwa. Wodi inayotaka wauguzi wawili katika kila zamu inahitaji kumi.

Sasa ichukuliwe kwamba wodi hiyo ina wanane. Kwa mtazamo wa juu juu pengo ni dogo, watu wawili tu. Lakini wanane hutoa zamu 1,760, ilhali zinazohitajika ni 2,190. Upungufu ni zamu 430 kwa mwaka, zaidi ya moja kwa kila siku. Maana yake ni kwamba karibu kila siku ya mwaka ipo angalau zamu moja yenye muuguzi mmoja. Mmoja wao akijifungua na kupata likizo ya uzazi ya siku 84, zinaondoka zamu nyingine 60. Likizo hiyo hujulikana miezi kabla, lakini katika wodi nyingi huingia kwenye ratiba kana kwamba ni dharura.

Mfawidhi hana mamlaka ya kuajiri. Jambo hilo hutajwa mara kwa mara kama sababu ya kutopanga, na ni sababu dhaifu. Asiyeweza kuondoa upungufu bado anaweza kuamua uangukie wapi. Kwa mazoea huangukia usiku, kwa kuwa usiku hakuna anayeuona. Wodi ikionekana na watu wa kutosha saa tatu asubuhi, wakati wa raundi ya madaktari, kila mkubwa anayepita huridhika. Ilhali asubuhi ndiyo zamu yenye msaada mwingi: mfawidhi mwenyewe yupo, wanafunzi wapo, wauguzi wa kliniki wanaweza kuitwa. Ratiba iliyopangwa kwa kufikiri ingeupeleka upungufu mahali penye wa kuuziba, na kulinda nafasi mbili za usiku hata kama asubuhi itaonekana pungufu. Uamuzi huo haupendwi. Wauguzi wenye watoto wadogo huuchukia, na malalamiko yao yana msingi. Ndiyo maana unapaswa kufanywa kwa majadiliano na kuandikwa wiki kadhaa kabla, ili kila mmoja ajipange nyumbani kwake.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo silaha ya mfawidhi anapoandika kuomba watumishi. Shirika la Afya Duniani lina mbinu yake ya kukadiria mahitaji ya watumishi kwa kupima mzigo wa kazi, na msingi wake ni huu huu: muda halisi alionao mtumishi mmoja ukilinganishwa na muda ambao kazi yenyewe inadai. Barua inayoonyesha zamu 430 zisizo na mtu ni ngumu kuijibu kwa neno "vumilieni".

Vifaa na wastani unaodanganya

Kuhusu vifaa, kosa moja lastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu limejificha ndani ya takwimu sahihi. Maagizo ya vifaa hukadiriwa kwa wastani wa matumizi ya miezi iliyopita. Wodi iliyopokea maboksi 60 ya glavu, yakaisha ndani ya siku 20 na kukaa siku 10 bila glavu, itaandika kwamba matumizi ya mwezi ni maboksi 60. Mahitaji yake halisi ni 90. Ikiagiza 60 tena, upungufu unajirudia, na safari hii una kumbukumbu rasmi za kuutetea. Tiba yake ni kuandika siku ambazo kifaa hakikuwepo na kukokotoa wastani kwa siku kilipokuwepo tu. Ni safu moja zaidi katika leja.

Dawa ya oksitosini inadai uangalifu wa namna nyingine. Huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, hivyo mpango wa dawa hiyo ni pia mpango wa jokofu, wa jenereta, wa mafuta ya jenereta, na wa ufunguo wa chumba cha jenereta. Mnyororo huu hukatika katika pete iliyo nyepesi kuliko zote. Dawa ipo na mafuta yapo, lakini aliye na ufunguo amekwenda nyumbani Ijumaa jioni.

Ushahidi wa thamani ya kupanga

Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi duniani, na mgonjwa anaweza kupotea katika muda mfupi. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2023, unaonyesha nafasi ya upangaji katika tatizo hilo. Katika hospitali zilizotumia mkabala mpya, damu ilikusanywa kwenye shiti la plastiki lenye alama za vipimo, badala ya kukadiriwa kwa macho. Kipimo kilipofika kiwango cha hatari, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja badala ya kusubiriana: kukanda mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, kuweka maji ya mishipani, kuchunguza chanzo na kuita msaada. Matokeo mabaya, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa sababu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60.

Hakuna dawa hata moja kati ya hizo iliyokuwa mpya. Kilichoongezwa ni kipimo, pamoja na utaratibu: vifaa vyote kuwekwa pamoja kwenye toroli au mkoba mmoja, wauguzi na wakunga kufunzwa hatua zile zile, na takwimu za wodi kurudishwa kwa wahusika ili wazijadili. Uamuzi wa nini kifanyike ulikuwa umekwisha kufanywa kabla mama hajafika.

Kutoka lengo hadi makabidhiano

Mafunzo ya mpango kama huo kwa wodi ya kawaida yanaanzia kwenye lengo. "Kuboresha huduma kwa wazazi" si lengo, kwa kuwa hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema limeshindikana. "Ifikapo Desemba 31, kila mama aliyejifungua apimwe mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiasi cha damu kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza" ni lengo, na papo hapo linafichua gharama zake. Linadai mashine ya shinikizo inayofanya kazi, fomu, saa ya ukutani, na muuguzi wa pili usiku. Mfawidhi asiyeweza kupata vitu hivyo vinne afadhali apunguze lengo kuliko kuliacha ukutani likijazwa kwa kubuni. Fomu zilizojazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu, zote kwa kalamu moja na takwimu zinazofanana, ni dalili ya mpango uliozidi uwezo wa wodi.

Tathmini haihitaji kusubiri ripoti ya robo mwaka. Mahali pake pa kwanza ni makabidhiano ya zamu. Anayetoka na anayeingia wanafungua toroli ya dharura pamoja, wanahesabu vilivyomo kwa kufuata orodha iliyobandikwa kifunikoni, wanasoma kipimajoto cha jokofu, wanapeana ufunguo, na wote wawili wanatia saini. Pengo lolote linaandikwa hapo hapo na jina la atakayeliziba. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na inapaswa kufanyika hata jioni ambazo wodi imejaa na gari la wagonjwa limekwisha kupiga honi getini.