Makala ya Korogwe

“Shikamoo, mama. Leo mtandao upo?” Ndivyo wanafunzi wa uuguzi wanavyonisalimu mlangoni mwa maktaba yetu hapa Tanga. Waliowatangulia waliuliza kama jarida fulani limefika. Lilifika kwa meli na posta, habari zake zimeshapoa, nakala moja kwa darasa zima. Kurasa za malaria ndizo zilizochakaa mwanzo. Mbili zilikatwa kwa wembe.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI, mpango wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya afya mtandaoni, bure au kwa ada ndogo. Tanzania iliingia kundi la bure. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, tuliokuwa tumezoea intaneti ya kusuasua ya satelaiti tulishukuru kweli. Siku hizi makala hushuka kabla sijamaliza kuandika jina la mwanafunzi daftarini.

Lakini jarida la karatasi tulilonunua ni letu. La mtandaoni tumefunguliwa mlango tu, ufunguo anao mwingine. Januari 2011 baadhi ya wachapishaji waliifungia Bangladesh majarida yao ndani ya HINARI, wakayarudisha baada ya watafiti kupiga kelele.

Hata kwetu si kila mlango hufunguka: niliwahi kukaa na kijana aliyekuwa akiandika mradi wake wa mwisho. Skrini ilituonyesha muhtasari wa makala aliyoitaka, na chini yake bei kwa dola. Utafiti wenyewe ulifanyika Korogwe, mkoani humu humu. Damu iliyopimwa ni ya watoto wa huko. Aliisoma ile bei mara mbili, akafunga daftari. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ndiyo maana mwanafunzi mpya namwonyesha kwanza Malaria Journal, lililoanza mwaka 2002 na linalosomwa bure na yeyote. Gharama hulipwa na upande wa mwandishi wakati wa kuchapisha. Halina nywila. Muuguzi akishapangiwa zahanati ya kijijini, nywila ya chuo ya kuingilia HINARI haimfuati, ila jarida hili atalifungua kwenye simu yake, hata usiku wa zamu.

Kwa ajili ya yule kijana nilimwandikia mtafiti mwenyewe barua pepe. Kesho yake akatutumia makala. Nimeichapa, iko kwenye faili la kijani, rafu ya tatu, karibu na dirisha.