Nyumba Kongwe Zisibomolewe Bila Kuulizwa Umri Wake

Nyumba ya mawe katika mji wa Bagamoyo ina umri gani? Wengine huliona swali hili kuwa ni la wenye nafasi tu. Sisi hatukubali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililihesabu jengo kuwa ukumbusho wa kale ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililo changa zaidi lilihitaji kutangazwa rasmi. Basi pale ambapo mwaka haujulikani, mwenye nyundo ndiye anayekuwa hakimu.

Umri wa nyumba hutafutwa kwanza kwenye nyumba yenyewe. Kuta za zamani ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazikuwa ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba. Ukikuta saruji au nguzo za chuma, usifanye haraka kusema kwamba nyumba ni ya zama za Wajerumani: huenda ukawa ni ukarabati uliofuata.

Pili, tuutazame mlango. Baadhi ya milango ya nakshi ina mwaka wa Hijria juu ya kizingiti, nao yafaa ugeuzwe kwa uangalifu. Mwaka 1280 ulianza Juni 1863. Lakini mlango huuzwa na kuhamishwa, kwa hiyo mlango peke yake si shahidi wa kutosha.

Tatu ni maandishi. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, na karatasi nyingi za utawala huo zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Hati za mauziano na za wakfu zilizomo masandukuni mwa jamaa nazo zina thamani kubwa. Halafu waulizwe wazee, kila mmoja peke yake, na maneno yao yalinganishwe na hati.

Jambo moja tunalisisitiza. Hati hutaja jina la tajiri mwenye nyumba. Ni nadra kumtaja aliyechimba jiwe, aliyechoma chokaa na aliyekata boriti katika matope ya mikoko. Wengi wao walikuwa watumwa. Mtafiti anayeishia kwa jina la tajiri ameandika nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo ya wafanyakazi.

Kwa hiyo twawaomba walimu, mafundi na vijana wa miji yetu ya kale wafanye kazi hii sasa, kabla wazee hawajaondoka na mvua haijamaliza kuta. Kila nyumba iandikiwe daftari lake: vipimo, picha, hati na maneno ya wazee. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.